Idi Mbili, Bamvua Moja

Bi Khadija tulimzika juzi, baada ya sala ya Laasiri. Alikuwa ajuza aliyekula chumvi nyingi, kwa hiyo watu walikuja matangani wametulia, wakala wali, wakazungumza bei ya samaki na joto la mwaka huu. Sikuwalaumu. Mtu akifa mkongwe, waliopaswa kumlilia huwa wamekwisha kutangulia. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilipommwagia maji begani nikaona alivyopungua, mifupa na ngozi tu, mwanamke aliyewahi kuinua sufuria la pilau la watu mia bila kuomba msaada. Msichana mmoja wa jirani aliyekuja kushika taulo aliniuliza, "Bibi, marehemu ni nani wako?" Nikamwambia ni mkaza mjomba wangu, mke wa ndugu yake mama. Sikumwambia kwamba alikuwa pia mama mkwe wangu, maana angeniuliza mume wangu yuko wapi, nami sina tabia ya kuanza mambo ya miaka hamsini mbele ya maiti. Nimerudi kwangu, nimepika chai, na mambo hayo yamekataa kulala. Wote waliokuwa na haki ya kunikataza nisiyaseme sasa wako mchangani, basi nitayasema.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu bendera ya wenyewe kupandishwa, ingawa katika nyumba ya Mjomba Athmani bendera haikuzungumzwa sana kama mwezi. Nilihamia kwake mwanzoni mwa mwaka huo nikiwa kigori, ili Bi Khadija anifunze nyumba kabla ya kuolewa na mwanawe Salim. Jambo hilo lilikuwa limeamuliwa na wakubwa zamani, na kwa bahati, mimi na Salim hatukuona sababu ya kulikataa. Nyumba ilikuwa Mji wa Kale, nyuma kidogo ya bandari ya zamani, ya ghorofa moja, yenye ngazi za mawe zilizolika katikati. Mjomba alikuwa akilala chumba cha chini karibu na mlango. Chumba changu kilikuwa juu, chenye dirisha la kuchungulia kipande cha maji baina ya mapaa mawili. Kuta za nyumba zile ni nene ajabu, huwezi kumsikia jirani akimpiga mkewe wala mkewe akimpiga yeye, lakini ndani kwa ndani hakuna siri. Sauti ilipanda kwenye tundu la ngazi kama moshi wa jikoni, na mimi juu nikaipokea yote, nikitaka nisitake.

Mjomba alikuwa amepofuka, au karibu ya hapo. Mtoto wa jicho alimwingia upande wa kulia, kisha wa kushoto, naye akakataa hospitali mpaka ikawa hakuna haja tena ya kukataa. Kabla ya hapo alikuwa nahodha wa vyombo vidogo vilivyobeba chumvi, nguo na mafuta ya taa kutoka bandari ya zamani hadi vijiji vya ndani, Junda na Maunguja na Jomvu, kwa ule mkono wa bahari unaokizunguka kisiwa upande wa kaskazini. Huko mtu haendi apendavyo. Maji yakijaa hukusukuma kwenda ndani, yakipwa hukuvuta kurudi, na baina ya kujaa na kupwa kuna kitambo kidogo maji husimama, hayaendi huku wala huku. Kitambo hicho ndicho kinachotafutwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana na kukimbia kwa nguvu, na hasa pale palipokuwa na daraja la Nyali. Daraja la siku zile lilielea juu ya matangi makubwa ya chuma yaliyofungwa kwa minyororo. Upande wa kisiwani paliachwa upenyo wa vyombo vidogo kupita kwa kulaza mlingoti. Maji yakiwa yamesimama, pale hata mzembe hupita. Yakiwa yanakimbia, yatakubandika kwenye chuma.

Kwa hiyo watu walimjia barazani. "Bwana Athmani, sabalkheri. Maji yasimama saa ngapi yeo?" Naye, kabla ya lolote, huuliza, "Yeo mwezi wangapi?" Akishaambiwa leo ni tarehe ngapi ya mwezi, basi. Siku mwezi unapoandama na siku unapokuwa mpevu, kwetu maji hujaa saa kumi na hupwa saa nne. Kila siku inayopita yanachelewa kwa muda usiotimia saa moja. Mjomba alijumlisha kwa vidole juu ya goti, akaongeza cha upepo, akaongeza cha mahali, maana maji hayasimami darajani wakati mmoja na Jomvu, kisha akataja saa na mtu akaenda zake. Sikuwahi kusikia aliyerudi kulalamika. Salim, aliyekuwa karani wa ghala Kilindini na aliyependa kumchokoza babake, alimwuliza siku moja tukila, "Baba, kwani weye na mwezi mumeoana?" Mjomba akamega mkate wake wa mofa bila haraka. "Mamako ajua," akasema. "Yeye ni mke mdogo." Bi Khadija akasonya, akamwongeza mchuzi wa papa.

Nimetaja kusonya kwake kwa sababu siku hizo kulikuwa bado ni kusonya kwa mapenzi. Lililokuja kuwaharibu liliingia kwa redio. Kaka zake Bi Khadija walikuwa na duka Makadara, na dukani palikuwa na redio ya betri iliyoshika stesheni za ng'ambo. Ramadhani ilipofika ishirini na tisa, baada ya Magharibi, mmoja wa kaka hao alikuja mwenyewe, jasho limemtoka, kusema kwamba imetangazwa mwezi umeonekana na kesho ni Idi. Mjomba alikuwa bado ana tende mkononi. "Umeonekana na nani?" akauliza. "Na watu wa huko." "Basi na watu wa huko na wale Idi," akasema Mjomba. Hapa kwetu watu walikuwa wamepanda juu ya mapaa na kushuka mikono mitupu, na imamu wake hakutangaza kitu. Bi Khadija alimsindikiza kaka yake mpaka mlangoni, kisha akaniambia niloweke mchele wa pilau. Alikuwa binti wa watu wale, na kwao neno la kaka lilikuwa neno.

Ikawa nyumba moja ina Idi mbili. Siku ya kwanza Bi Khadija na mimi tulivaa nguo mpya, tukapokea wageni wa Makadara ukumbini, na harufu ya pilau na udi ikajaa mpaka mlangoni, ambapo Mjomba alikaa amefunga, tasbihi mkononi, akiitikia salamu za Idi kwa kusema "Kesho, inshallah." Salim alitaka kuwaridhisha wote wawili. Alikula jikoni kwa siri, akasukutua, kisha akaenda kuketi na babake kana kwamba kiu imemshika, mpaka Mjomba akamwambia, "Mwanangu, ukitaka kunidanganya, kwanza toa bizari kwenye ndevu." Jioni yake mwezi ukaonekana na kila mtu, mwembamba mno, na siku ya pili Mjomba akasali Idi yake na watu wake. Mji mzima ulikuwa umegawanyika hivyo, watu wakacheka, wakasahau. Kwetu halikusahauliwa, lilizoeleka tu. Tangu hapo tarehe ya Bi Khadija ilikuwa mbele kwa siku moja. Mambo ya jikoni, ya arusi na ya wageni yalikwenda kwa mwezi wake. Sala na maji vilikwenda kwa mwezi wa Mjomba. Kila mmoja alijua hivyo, na kwa kuwa kila mmoja alijua, hakuna aliyeona haja ya kulitaja.

Tulioana, mimi na Salim, katika mwezi huo huo wa Idi mbili, Mfungo Mosi. Sitaieleza arusi, arusi zote za siku zile zilifanana, na yangu nimeikumbuka mara nyingi mpaka imechakaa. Fungate ndiyo nisiyoimaliza. Salim alikuwa na likizo, akala mahamri kitandani na kumwaga mbaazi kwenye shuka mpya, akanisomea gazeti kwa sauti ya msomaji wa redio, akabadilisha habari kwa makusudi, ili nicheke. Alikuwa akinuka magunia hata baada ya kuoga, na nikapenda. Nilidhani hayo ndiyo maisha yenyewe yameanza. Chini yetu Mjomba alikuwa ameshikwa na homa tangu siku ya nikaha. Alilala, akatetemeka, akatoka jasho, akalala tena. Hakwenda Ijumaa, na watu wa kuuliza maji wakaambiwa mgonjwa. Mtu aliyeshika hesabu ya mwezi kichwani kwa umri wake wote alilala hata akawa hajui ni siku gani.

Masufuria ya arusi tulikuwa tumeazima kwa jamaa zetu wa Jomvu. Desturi ni kwamba bwana arusi mwenyewe huyarudisha fungate ikiisha, na hayarudi matupu: ndani hutiwa halua, mchele na kipande cha nguo kwa mwenye nyumba. Gari la kukodi lingeweza kuyapeleka kwa njia ya Makupa, lakini Mjomba alikuwa bado na dau lake dogo, na mwana wa nahodha kurudisha masufuria kwa gari kulikuwa ni aibu. Asubuhi hiyo nilikuwa chumbani kwa Mjomba nimempelekea uji. Bi Khadija alikuwa kwenye mkeka, ungo mapajani, akichagua mchele. Salim akasimama mlangoni, kanzu ameikunja kiunoni.

"Baba, naenda Jomvu na masufuria. Darajani maji yasimama saa ngapi?"

Mjomba alikuwa ameelekea ukutani. Hakugeuka. "Yeo mwezi wangapi?" akauliza, na hakumwuliza mtu kwa jina.

"Kumi na saba," akasema Bi Khadija, macho yake kwenye mchele.

Mjomba akapapasa goti lake chini ya shuka, vidole vikatembea. "Uwe upenyoni adhana ya adhuhuri ikikaribia," akasema. "Kabla ya hapo yatakuwa yatoka. Yakishasimama, pita, kisha yatakupeleka yenyewe hata Jomvu. Na pale ukingoni utaona mengine yarudi nyuma, kama yaingia. Usiyajali, ni ya pembeni hayo."

"Vyema, Baba." Akanitazama, akanikonyezea jicho kwa sababu mamake hakuwa akiangalia, akaenda.

Sikushtuka. Kwangu pia ilikuwa kumi na saba. Nilikuwa nimekula Idi pamoja na Bi Khadija, na ningeulizwa mimi ningejibu vilevile. Watu wawili timamu tulikuwa chumbani mle, na hakuna aliyesikia kosa. Kwa mwezi wa maji ilikuwa kumi na sita. Maji yangesimama karibu saa nzima mapema, na adhuhuri yangekuwa yamekwisha geuka na kushika kasi ya bamvua.

Aliyeleta habari ni Hamisi Kombo, rafiki yake Salim aliyekwenda naye kupiga makasia. Aliingia ukumbini ameloa hadi kichwani, kiganja kimechanika kwa mnyororo, akasimama akitiririsha maji juu ya zulia la arusi, na nakumbuka niliudhika juu ya zulia kabla sijamtazama uso. Alisema walifika darajani wakaona maji yanaingia. Yeye Kombo akasema warudi. Salim akasema hayo ni ya pembeni, Baba amekwisha sema, ngoja kidogo yatasimama. Wakangoja, wameshika makasia, maji badala ya kusimama yakaongezeka, yakawachukua ubavu ubavu mpaka kwenye matangi. Dau lililala. Kombo akadaka mnyororo. Salim alikuwa upande wa masufuria. Watu wa darajani walimtoa wakamlaza ukingoni, lakini, akasema Kombo, akashindwa kumaliza.

Mimi nilipiga kelele; nimeambiwa, sizikumbuki. Ninachokikumbuka ni Bi Khadija. Alisimama wima, leso mkononi, akauliza jambo ambalo hakuna mama mwingine duniani angeliuliza saa ile. "Maji yalikuwa yaenda wapi?" Kombo akamwambia, "Yalikuwa yaingia, Mama. Yalianza kitambo." Bi Khadija alikuwa mke wa nahodha kwa zaidi ya miaka ishirini. Niliona akihesabu. Kisha akaketi chini pale pale, taratibu, na hakulia. Hakulia maiti ilipoletwa, wala ilipotolewa, wala wanawake walipomkumbatia na kumwambia alie, asijifunge moyo, machozi ni rehema. Wakaanza kusema Mama Salim ana moyo wa jiwe. Wengine wakasema la kuvunda halina ubani. Walisema mengi, na wali wetu waliula.

Siku ya tatu ya matanga, nikiwa juu, nilisikia sauti za wanaume zikipanda ngazi kutoka chini. Mzee mmoja alikuwa akiuliza kwa upole, kama mtu anayebonyeza jipu, imekuwaje nahodha Athmani akakosa maji. Mtu mwingine, bila ya ubaya wowote, akasema, "Siku ile ilikuwa mwezi kumi na sita, na bamvua kali." Tasbihi ya Mjomba ikaacha kugonga. Nikajua Mjomba amesikia tarehe hiyo kwa mara ya kwanza, na kwamba alikuwa akikumbuka ni nani aliyempa nyingine. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani kwa wanawake, "Nalikosa hesabu mimi. Homa ilinipanda kitwani, nikazidisha saa. Msitafute mtu. Ni mimi." Wakaanza kumwambia liandikwalo ndilo liwalo. Bi Khadija alikuwa amekaa kando yangu. Aliinuka akaenda chumba cha ndani, na kwa mlango ulioachwa wazi nilimwona amesimama kuelekea makasha, mikono imelegea.

Nikawa kizuka. Hivyo ndivyo tunavyomwita mjane aliye edani: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna wanja, hakuna kutoka mlangoni. Nilikuwa sijazoea bado kuitwa mke. Kaskazi ikaisha, masika yakaanza, kuta zikatoa ukungu, na dirisha langu likaonyesha mvua badala ya maji ya bahari. Nilikuwa na hasira, na hasira ya kizuka haina pa kwenda. Ilizunguka chumbani kama nzi. Nilimchukia Mjomba kwa vidole vyake, nikamchukia Bi Khadija kwa mchele wake, nikamchukia Salim kwa kumwamini babake kuliko macho yake, na kila asubuhi nilianza na mwingine. Sasa kwa kuwa mimi mwenyewe ni mzee, najua kwamba lilikuwa kosa la watu wema waliokuwa wakifanya yale yale ya kila siku. Najua, na bado kuna asubuhi nachagua mmoja wa kumchukia.

Bi Khadija aliniletea chakula mwenyewe. Uji, mkate wa kumimina, samaki wa kupaka ambaye siku hizo alisahau kumtia chumvi. Aliketi kunitazama nikila, lakini yeye alikuwa akila peke yake jikoni, amesimama. Kwa Mjomba aliweka sinia mlangoni na kubisha kwa kidole. Zamani walikula pamoja na kuzozana juu ya pilipili. Sasa nilisikia kijiko cha Mjomba tu, na baadaye hata kijiko hakikusikika, sinia likarudi lilivyokwenda. Watu waliokuja kumpa pole barazani walimkuta akiwaambia kwa hiari yake, hata asiyemwuliza, kwamba alimwua mwanawe kwa hesabu mbovu. Alikuwa kama mtu aliyeokota mzigo njiani akaogopa mwenye mzigo asije akaudai.

Mwenyewe alikuja kuudai. Ilikuwa mchana wa mvua kubwa, na kwa sababu ya mvua walidhani hawasikiki. "Nilaumu," nilimsikia Bi Khadija akisema, chumbani chini. "Baba Salim, nakuomba. Niambie mbele ya watu au hapa peke yetu, lakini niambie. Aliyekupa mwezi ni mimi."

"Mwezi wako ulikuwa sawa," akasema Mjomba.

"Weye usiyenikubalia hata tende moja kabla ya imamu wako, yeo wasema mwezi wangu sawa?"

"Nalifikiri baadaye. Wale wa redio walipatia. Mimi ndiye nalizidisha. Na nalimwambia asijali ya pembeni; hilo pia ni langu."

"Waongopa."

"Mama Salim, mimi kipofu. Niachie hili moja."

"Na mimi niachiwe nini?" akauliza Bi Khadija. Nikasikia hatua zake zikienda jikoni. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba msamaha ni kitu kizuri popote kinapotolewa. Siku ile niliona mwanamke akinyimwa kosa lake kama anavyonyimwa haki yake, na aliyemnyima alikuwa akifanya hivyo kwa mapenzi, na yeye akajua ni mapenzi, kwa hiyo hakuwa hata na mtu wa kugombana naye. Hawezi kumlilia mwanawe kama mama aliyefiwa, maana moyoni anajijua ni nani. Wala hawezi kulia kama mwenye kosa, maana kosa limekwisha chukuliwa. Alibaki hapo katikati, na miezi ikapita.

Eda huhesabiwa kwa mwezi. Nilipokaribia mwisho wake nilianza kufikiri juu ya jambo ambalo hakuna aliyelitaja: Salim alikufa mwezi kumi na saba kwa hesabu ya Bi Khadija, kumi na sita kwa hesabu ya Mjomba, na miandamo yote iliyofuata mji ulikuwa umeafikiana. Basi kwa Mjomba eda yangu ingeisha mwezi ishirini na sita, kwa Bi Khadija siku moja baadaye, ishirini na saba. Mwezi wa Mjomba, uliotangulizwa tangu mwanzo katika mambo ya dini, ndio niliokuwa nimejiandaa kuufuata. Sikudhani kuna la kuuliza. Lakini asubuhi ya ishirini na sita nilisikia mtu akipanda ngazi. Mjomba hakuwa amepanda ghorofani tangu macho yalipozimika kabisa. Alipanda kwa kupapasa, akipumzika kila hatua, na alipofika alisimama mlangoni kwangu, amevaa kanzu safi ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa.

"Mwanangu," akasema, "nimekuya kukuambia eda yako haijesha. Keti ndani, umwombee mumeo. Kwa hesabu ya Mama Salim ni kesho. Na hesabu yake ndiyo ya kweli."

Bi Khadija alikuwa nyuma yangu akikunja nguo. Aliweka chini alichokuwa nacho. "Imekwisha," akasema.

"Haijesha, Mama Salim."

"Imekwisha. Mjomba wako ndiye ajuaye mwezi, weye mtoto, si mimi. Kwa mwezi wake ni yeo. Mimi nalifungua kwa redio ya kaka zangu, na mwezi haukuwapo angani. Oga, uvae, utoke."

"Nasema asitoke," akasema Mjomba. "Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Nami nasema atoke."

Wakaendelea hivyo, watu wawili waliokula Idi mbalimbali kwa ukaidi, kila mmoja sasa akiutetea mwezi wa mwenziwe, wamesimama mimi katikati na nguo zangu nyeupe. Nilielewa ninachoulizwa. Nikingoja kesho, nitakuwa nimesema mwezi wa Bi Khadija ulikuwa sawa, na Salim aliuawa na vidole vya babake. Nikioga siku ile, nitakuwa nimesema wa Mjomba ndio wa kweli, na neno lililompeleka darajani lilitoka kwenye ungo wa mchele. Waliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa chumbani mle, na kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyebaki wa kuuliza. Mjomba alinisihi kwa macho yake meupe yasiyoona. Bi Khadija hakunisihi. Alinitazama tu, na nikaona kwamba amechoka kusamehewa.

"Mama," nikamwambia Bi Khadija, "nitaoga leo. Siku ile ilikuwa kumi na sita."

Alikuja mpaka nilipokuwa nimeketi, akakaa sakafuni, akaniwekea kichwa mapajani, na kwa mara ya kwanza akamlilia mwanawe, kwa jina, kwa sauti, hata watu wa njiani wakasimama. Nilimshika mabega. Nililia na mimi, na sikuwa na hasira naye tena, siku ile. Mjomba alibaki mlangoni, mkono mmoja ukutani, akitusikiliza, na hakuna aliyemwambia aingie.